Pampu si ya siku ya kubanwa tu: jinsi ya kumsaidia mgonjwa wa mapafu adumu na dawa ya kuvuta

Katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa pumu, inhela (wengi wetu tunaiita pampu) hukaa mahali pa heshima: juu ya kabati, ndani ya pochi, au imefungwa kwenye leso. Hutolewa usiku kifua kinapobana, mgonjwa akapata nafuu, ikarudishwa ilipotoka. Siku zote nyingine haiguswi, kwa sababu mgonjwa "ni mzima".

Makala hii inaeleza kwa nini mtindo huo ni hatari, kwa nini watu wenye akili timamu huufuata hata hivyo, na ndugu wa mgonjwa wanaweza kufanya nini ili dawa itumike inavyotakiwa. Tumewaandikia wakazi wa Pongwe na vitongoji vya jirani, ingawa mengi yaliyomo humu yanamfaa mgonjwa popote alipo.

Mapafu ya watu wa huku

Pongwe ni nchi ya mawe ya chokaa. Hapa mawe huchimbwa na kusagwa, na kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji hapa mwaka 1980. Mashamba ya mkonge yapo mkoani tangu zao hilo lilipoletwa nchini mwaka 1893. Kazi hizi zimesomesha watoto na kujenga nyumba, lakini zina vumbi. Utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha saruji nchini Tanzania, ukachapishwa mwaka 2005, ulikuta karibu wafanyakazi 19 katika kila 100 waliokuwa kwenye vumbi wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kwa wenzao wasiofanya kazi kwenye vumbi walikuwa karibu 5 katika kila 100.

Vumbi la kazini lina mwenzake, nao ni moshi wa jikoni. Mama anayepikia kuni, mkaa au makumbi ya nazi ndani ya banda lisilo na dirisha huvuta moshi kila siku kwa miaka, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Ndiyo maana ugonjwa ambao Ulaya unahusishwa zaidi na sigara, kwetu huwapata hata wanawake ambao hawajawahi kushika sigara. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

Magonjwa tunayoyazungumzia ni mawili. La kwanza ni pumu. Huanza mara nyingi utotoni, huja na kuondoka, na njia za hewa hubana kwa sababu ya vumbi, moshi, baridi, mafua au harufu kali. La pili ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao madaktari huuita COPD. Huanza polepole, kwa kawaida baada ya miaka 40, na kikohozi na kuhema huzidi mwaka hata mwaka. Shirika la Afya Duniani linauhesabu ugonjwa huu wa pili miongoni mwa magonjwa yanayoua watu wengi zaidi duniani: mwaka 2021 uliua watu wapatao milioni 3.5.

Tuseme na hili mapema: si kila kikohozi ni pumu. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kwanza. Kipimo na matibabu yake ni bure katika vituo vya serikali. Kifua kikuu kilichopona nacho kinaweza kuacha makovu kwenye mapafu, mgonjwa akaendelea kuhema kwa shida ingawa vijidudu vimekwisha. Huyo pia ahitaji kuchunguzwa, asiambiwe tu kwamba "umeshapona".

Dawa mbili, kazi mbili

Hapa ndipo penye mzizi wa tatizo. Inhela haziko za aina moja.

Ya kwanza ni dawa ya nafuu, na ijulikanayo zaidi ni salbutamol. Hulegeza misuli iliyobana njia za hewa. Mgonjwa huisikia ikifanya kazi ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa nne hadi sita.

Ya pili ni dawa ya kinga. Kwa mwenye pumu, kinga ni dawa ya steroidi ya kuvuta, kama beclomethasone au budesonide. Hii hutuliza uvimbe ulio ndani ya njia za hewa. Kazi yake huchukua siku na wiki, na mgonjwa anapoivuta hasikii kitu. Kwa mwenye COPD, dawa ya kila siku mara nyingi ni ile inayofungua njia za hewa kwa saa nyingi, na daktari ndiye huamua kama steroidi iongezwe au la.

Mvuvi wa Sahare ataelewa haraka. Dawa ya nafuu ni kufua maji chomboni. Dawa ya kinga ni kukalafati. Ukiwa katikati ya bahari na maji yanaingia, utafua, na usipofua utazama. Lakini mwenye chombo asiyekalafati, akategemea kufua kila safari, iko siku maji yatamshinda.

Mgonjwa hufanya hesabu yake mwenyewe. Dawa moja anaisikia, nyingine haisikii. Pesa ni za dawa moja. Atanunua ipi? Ile anayoisikia. Huo si ukaidi wala ujinga. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza kwamba ile asiyoisikia ndiyo inayomzuia kufa.

Na hatari ni ya kweli. Miongozo ya kimataifa ya pumu ilibadilika mwaka 2019: haishauri tena mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa dawa ya nafuu ya haraka peke yake. Anayemaliza vikopo vitatu au zaidi vya dawa hiyo kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Anayemaliza kimoja kila mwezi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa hiyo ukimwona ndugu yako anakwenda duka la dawa kila mwezi kununua ile ile ya nafuu, usifurahi kwamba "anafuata dawa". Hiyo ni dalili kwamba ugonjwa umemtoka mkononi.

Kwa nini watu huacha

Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, karibu nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu hufuata dawa kama walivyoelekezwa. Kwa hiyo tusiwaone wagonjwa wetu kuwa wa ajabu. Sababu zinazosikika huku kwetu ni hizi.

"Ukiizoea pampu, basi tena." Wengi huamini inhela hulewesha au hudhoofisha mapafu. Si kweli. Anayeihitaji kila siku anaihitaji kwa sababu ugonjwa wake ni wa kila siku, kama mwenye presha au kisukari.

"Pampu ni ya wagonjwa wa mwisho." Hofu hii hutokana na kumwona mtu akipewa inhela baada ya kulazwa, kisha akafariki. Aliyefariki hakuuliwa na inhela. Mara nyingi alichelewa kuipata.

"Pampu ni kali, bora vidonge." Tufanye hesabu. Kidonge kimoja cha salbutamol kina miligramu 4. Mpulizo mmoja wa inhela una mikrogramu 100. Kidonge kimoja, basi, ni sawa na mipulizo 40. Kidonge hupita tumboni, kikaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima, ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo hukimbia. Inhela hupeleka dawa kidogo mahali penyewe panapoumwa.

"Steroidi zinanenepesha." Zile za kumeza kwa muda mrefu zina madhara makubwa. Za kuvuta, kwa kipimo cha kawaida, ni kidogo mno. Madhara ya kawaida ni sauti kukwaruza au utando mweupe mdomoni, na hayo huzuiwa kwa kusukutua maji na kuyatema baada ya kuvuta.

"Naona haya." Kijana hataki kutoa pampu darasani au uwanjani. Binti anaogopa wachumba watasema ana maradhi ya kurithi. Bibi anaona tabu kuivuta mbele ya wakwe. Haya huua kimya kimya, na mkali hawezi kuitibu. Inatibika pale watu wa nyumbani wanapoichukulia inhela kuwa kitu cha kawaida, kama miwani.

Na ya mwisho, ambayo si ya moyoni bali ya mfukoni: dawa haipo au haishikiki bei. Shirika la Afya Duniani limewahi kuripoti kwamba katika nchi maskini ni nusu tu ya wenye pumu waliopata dawa ya kufungua njia za hewa katika vituo vya umma vya ngazi ya msingi, na chini ya mmoja kati ya watano aliyepata ya steroidi. Na dawa hizi si ngeni. Inhela ya kwanza ya kubonyeza ilitoka mwaka 1956, na salbutamol iko madukani tangu mwaka 1969.

Kuvuta kwa usahihi

Wapo wanaovuta kila siku bila kukosa na hawapati nafuu, kwa sababu dawa inaishia kwenye ulimi na kooni. Mwombe mgonjwa akuonyeshe anavyovuta, usimuulize tu kama anajua. Kwa inhela ya kubonyeza, hatua ni hizi:

1. Kaa wima au simama. Ondoa kifuniko, angalia ndani kama kuna uchafu au sarafu iliyoingia mfukoni.
2. Tikisa vizuri. Kama ni mpya au haijatumika siku nyingi, pulizia hewani kwanza.
3. Toa pumzi yote taratibu, pembeni, si ndani ya inhela.
4. Weka mdomo wa inhela katikati ya meno, funga midomo kuuzunguka.
5. Anza kuvuta hewa polepole, bonyeza mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae.
6. Zuia pumzi kwa sekunde 10, au kadiri unavyoweza. Kisha toa.
7. Kama umeandikiwa mipulizo miwili, subiri karibu nusu dakika, tikisa tena, rudia. Usibonyeze miwili kwa pamoja.
8. Kama ni steroidi, sukutua na uteme.

Inhela za unga ni tofauti: hazitikiswi, na huvutwa kwa nguvu na kwa haraka. Ukibadilishiwa aina ya inhela, omba uonyeshwe upya.

Chupa ya soda yaweza kusaidia

Hatua ya tano ndiyo inayowashinda wengi, hasa watoto, wazee na yeyote aliyebanwa. Dawa yake ni spesa: chombo chenye uwazi kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Unabonyeza, dawa inabaki humo, nawe unaivuta kwa pumzi zako za kawaida, tano au sita.

Spesa za dukani ni ghali na hazipatikani kila mahali. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapa watoto waliobanwa na pumu dawa kupitia chupa ya plastiki ya mililita 500. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani.

Huoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo, ikaachwa ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, ili dawa isigande kwenye plastiki. Kitakoni hutobolewa tundu linalolingana sawasawa na mdomo wa inhela, kusiwe na mwanya wa hewa kutoroka. Vipande vya plastiki huondolewa vyote. Inhela huingizwa kitakoni, mgonjwa akavutia kwenye mdomo wa chupa. Ukishaitengeneza, ipeleke kituo cha afya waione kabla hujaitumia. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga midomo kwenye chupa anahitaji spesa yenye barakoa.

Kazi ya watu wa nyumbani

Kumsaidia mgonjwa si kumpigia kelele. Maneno "si ulikatazwa wewe!" humfanya afiche, na anayeficha hasaidiki. Yafuatayo yana tija zaidi.

Ifunge dawa kwenye jambo linalofanyika kila siku. Iwekwe karibu na mswaki, ivutwe kabla ya kusugua meno asubuhi na usiku, na kule kusukutua kutakuwa kumeshafanyika. Kwa wengine, adhana ya alfajiri na ya isha ni saa nzuri kuliko kengele ya simu.

Andika tarehe. Inhela nyingi huwa na mipulizo 200, na zisizo na kihesabio hazikuambii zimebaki ngapi. Kuziingiza kwenye maji uone kama zinaelea ni kujidanganya, na huziharibu. Piga hesabu: mipulizo miwili asubuhi na miwili usiku ni minne kwa siku, kwa hiyo kikopo kitakwisha siku ya 50. Andika kwa kalamu ya wino mzito siku ulipoanza na siku itakapokwisha. Unaweza basi kuanza kuweka akiba kwenye kibubu au mchezo mapema, badala ya kukopa usiku wa manane.

Ihifadhi mahali penye ubaridi. Nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, na kwetu Januari na Februari joto hupita hapo. Usiiache kwenye bajaji juani, juu ya bati, wala karibu na jiko: kikopo chenye gesi kinaweza kupasuka.

Uliza maswali yasiyohukumu. "Baba, wiki hii umeikosa mara ngapi?" humfungua mtu kuliko "Umekunywa dawa?" ambalo jibu lake siku zote ni ndiyo. Akisema ameikosa mara nne, mshukuru kwa kusema kweli, kisha ulizeni pamoja kwa nini.

Punguza kinachombana. Jiko lihamie nje au penye upepo, kuni ziwe kavu, asiyepika asikae jikoni. Sigara isivutwe ndani. Mfanyakazi wa vumbi ana haki ya kupewa kinga ya kazini na kupimwa afya. Leso puani si kinga ya vumbi laini.

Mwezi wa Ramadhani

Swali hili huulizwa kila mwaka: je, inhela hufunguza? Wanazuoni wametofautiana, na si kazi yetu kutoa fatwa. Muulize shekhe wako, kisha muulize daktari wako. Tunachoweza kusema ni kwamba dawa ya kinga inayovutwa mara mbili kwa siku huingia vizuri wakati wa daku na baada ya futari, kwa hiyo mwezi huo si sababu ya kuiacha. Ama mtu akibanwa mchana, asisubiri magharibi. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Gharama na mahali pa kwenda

Anzia kituo cha afya au zahanati iliyo karibu. Anayehitaji vipimo zaidi, kama kile cha kupuliza kwenye mashine ili kupima nguvu ya mapafu, huandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mwenye bima aulize mapema ni inhela ipi inayolipiwa. Akiambiwa dawa imekwisha, aulize maswali mawili kabla ya kuondoka: itapatikana lini, na ipi nyingine inaweza kushika nafasi yake kwa sasa?

Na kama pesa zinatosha dawa moja tu, mwambie daktari hivyo hivyo, bila haya. Zipo inhela zenye kinga na nafuu ndani ya kikopo kimoja, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza mchanganyiko wa budesonide na formoterol katika orodha yake ya dawa muhimu. Daktari anayejua hali ya mfuko wako atakupangia unachoweza kukidumisha.

Usiku wa hatari

Kila mtu wa nyumbani, hata mtoto wa darasa la nne, azijue dalili hizi: mgonjwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kuhema, mbavu au shingo zinaingia ndani anapovuta pumzi, midomo au kucha zimebadilika kuwa za kijivu au bluu, amechoka, anasinzia au amechanganyikiwa, au dawa ya nafuu haimshiki.

Mkalishe wima, usimlaze. Fungua madirisha. Mpe dawa ya nafuu kupitia spesa, mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, mpaka 10. Wakati huo huo mwingine atafute usafiri. Msisubiri kuona kama atatulia mpaka asubuhi. Kifua kilichonyamaza ghafla, kisichopiga tena miluzi, chaweza kuwa kifua kisichopitisha hewa.

Tunashauri namba ya dereva wa bodaboda au bajaji anayeaminika iandikwe ukutani, karibu na mahali pampu inapowekwa. Wengi wa wanaofika usiku huo hospitalini walikuwa na wiki nyingi za kujisikia "wazima", na kikopo cha kinga kabatini ambacho hakijaguswa. Kama nyumbani kwako kipo, kitoe leo ukisome tarehe.